Chumvi Iliyobaki Chini ya Glasi

Mwende mwanangu,

Sikuulizi hali, kwa sababu asubuhi tumekunywa chai pamoja, nawe ukanimalizia mkate. Sasa ni saa tisa alasiri na wewe uko Mathare kumuaga shangazi yako. Ninavyomjua, atakupikia, atalia kidogo, atakuombea, kisha atakupikia tena. Hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nimewasha taa, kama kawaida ya chumba hiki, nimechukua daftari la wapangaji wapya na nimekaa kitandani. Begi lako jekundu liko mbele yangu, zipu wazi.

Mambo ya sweta na pasipoti na kula vizuri nakuachia mwenyewe. Wewe ndiye uliyenifundisha kutumia simu. Mimi nikufundishe kusafiri kwenda Ujerumani nikiwa nani? Nataka kukuandikia mambo mawili niliyokuficha. Moja ni la zamani na moja ni la mwaka huu. Ukiona mwandiko umeyumba mahali, usidhani nilikuwa na haraka. Sababu utaifikia.

Ulikuwa na miaka minne tulipohamia hapa Kware. Mwenye ploti alinionyesha hiki chumba cha nyuma ya ngazi, akaniambia ni cha keateka, mwangalizi wa ploti, hakina kodi. Mama yako aliingia, akazunguka mara moja, akauliza dirisha liko wapi. Nilimwambia ni kwa muda tu, mwaka mmoja, tujipange. Tukaning'iniza pazia ukutani, pale pale linapoonekana sasa, ili paonekane kama pana dirisha. Wewe ulikuwa ukilifungua kila asubuhi uangalie kama jua limetoka. Mama yako alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili alitoka nje akaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Mwaka mmoja ukawa ishirini. Chumba kinakuja na funguo za lango na koki za maji, na funguo na koki zinakuja na mimi. Siwezi kulala matanga ya ndugu yangu Makueni bila kuomba ruhusa. Siku za maji lazima niwe hapa chini ya ngazi, nifungue koki ya ghorofa moja, nisubiri mitungi ijae, nifunge, nifungue nyingine, mpaka ya nane. Watu hudhani keateka ndiye anayewafungia wengine lango. Mimi ndiye niliyefungiwa, Mwende, na nimekasirika kwa miaka mingi kuliko ulivyowahi kuona.

Kazi hii ilinifunza tabia moja mbaya. Maji yakikosekana, wapangaji wanagonga kwangu. Kodi ikichelewa, mwenye ploti anapiga simu kwangu. Kila habari mbaya inapitia mlango huu, nami nikajifunza kuipokea na kuikalia. Mtu akiuliza maji, nasema yanakuja. Sijui kama yanakuja. Lakini mtu akishasikia hivyo anapanda ngazi ametulia, nami nabaki chini na wasiwasi wake. Niliona hiyo ndiyo kazi ya mwanamume.

Hilo la zamani lilianzia hapo. Unajua nusu yake.

Ulikuwa kidato cha nne, bwenini huko Machakos, figo za mama yako zilipozidi kuharibika. Kila Jumamosi nilipiga simu kwa matron, akakuita. Swali lako la kwanza, kuhusu mama yako, lilikuwa lile lile. "Mwaitu yuko?" Nami nilikujibu, "Ameenda sokoni Gikomba na jirani Mama Njeri kuchukua nguo za watoto za kuuza." Jumamosi tatu mfululizo alikuwa Gikomba. Ya tatu uliniuliza, "Ai, baba, siku hizi anaishi huko?" nikacheka. Nilicheka, nikiwa nimesimama kwenye korido ya hospitali.

Alikufa Jumanne. Jumatano ulikuwa na karatasi ya kemia. Nilimwacha mochari siku kumi na moja, nikawaambia ndugu zake kwamba hakuna atakayekupigia, na atakayekupigia tusijuane tena. Ulimaliza mtihani, ukaja na sanduku lako kichwani unaimba, na ukakuta hema kwenye ploti na akina mama wanapika kwa sufuria kubwa. Ulidhani ni harusi ya mtu. Ulimuuliza Mama Njeri, "Nani anaoa?" Yeye akakaa chini palepale kwenye matope.

Ulihesabu siku kwa vidole. Hukunipigia kelele, na ningependa ungepiga. Ulipata alama nzuri, watu wakanisifu, wakasema mzee ana akili, amemkinga mtoto. Nilizipokea hizo sifa. Hiyo ndiyo nusu unayoijua.

Nusu usiyoijua ni hii. Wiki yake ya mwisho mama yako aliomba uitwe. Hakuomba mara moja. Alisema, "Niitie Mwende, nina neno naye." Nami nikamwambia nimeongea na shule, umeruhusiwa, unakuja Jumamosi. Sikuwa nimeongea na mtu. Nilimdanganya ili atulie kama nilivyokudanganya wewe ili utulie. Akawa anauliza leo ni siku gani. Jumatatu aliuliza leo ni siku gani, nikamwambia ni Alhamisi, nikidhani namsogezea karibu. Hilo neno alilokuwa nalo silijui. Nilimuuliza aniambie mimi, akasema si langu.

Nimeibeba hiyo tangu wakati huo na sikuomba unisamehe, kwa sababu kuomba kungemaanisha kusema. Nisamehe, mwanangu. Hata ukikataa, sasa umejua uliitwa.

Nimesimama kidogo. Yule mpangaji wa ghorofa ya sita amegonga. "Keateka! Maji ya sita ni saa ngapi?" Nimemjibu yanakuja. Hata leo, nikiandika barua kama hii, mdomo umejibu kabla sijauambia.

Sasa nakuja kwenye glasi. Unaikumbuka Jumapili ile, wiki tatu zilizopita, nilipokuuliza hasa unaenda kusoma nini huko? Nilikuwa nimechoka kuwaambia watu "mambo ya seli" huku sijui ninachosema. Ulichukua glasi, ukatia maji ya vuguvugu, ukaanza kumimina chumvi na kukoroga mpaka nyingine ikakataa kuyeyuka, ikakaa chini.

"Onja," ukasema.

"Ninywe chumvi kama mbuzi?"

"Onja tu, kwani utakufa?"

Nikaonja kwa kijiko, nikakunja uso. Ukaongeza vijiko viwili vingine, ukakoroga. "Sasa itakuwa chumvi zaidi ama?"

"Si lazima iwe zaidi? Umeongeza."

"Onja."

Ilikuwa vile vile. Nilionja tena nikidhani ulimi umekufa ganzi. Maji ya juu hayakubadilika hata kidogo. Kilichoongezeka ni lile rundo la chini. Kisha ukatia maji kidogo, ukakoroga, chumvi ya chini ikapungua, na ladha ya juu ikabaki ile ile. Ukifurahi, unaongea kwa mikono kama mama yako. Ulisema seli nayo ina shida kama hiyo. Inatengeneza protini, lakini haitengenezi kwa kipimo. Saa hii nyingi, saa ile chache, na hata seli mbili zilizozaliwa pamoja hazilingani. Na kazi za ndani zinataka kiasi kilichotulia. Basi protini zikipita kiwango fulani, zile za ziada zinajitenga na kukusanyika zikawa matone, kama mafuta juu ya supu. Matone hayo hayana ngozi wala ukuta. Protini zikizidi, matone yananenepa. Zikipungua, matone yanapungua na kurudisha. Nje ya matone, kiasi kinabaki karibu pale pale.

"Ni kama hakuna kilichotokea," ukasema. "Fujo yote imeenda kwa matone." Halafu ukaongeza haraka, maana wewe hupendi kudanganya mtu, kwamba si kila mara mambo huwa safi hivyo, kwa sababu ndani ya seli kuna vitu vingi vimechanganyika kuliko chumvi na maji, na hilo ndilo watu bado wanapima.

Sikukwambia nilivyojisikia. Nilifurahi, Mwende, nikafurahi kama mtu aliyeachiliwa na korti. Niliangalia lile rundo la chini nikajiona mimi. Nikasema moyoni, kumbe sikukosea. Kumbe hata Mungu alivyoumba seli, aliweka mahali pa kukalisha yaliyozidi ili nyumba itulie. Mama yako, mwenye ploti, ghorofa nane za watu, wewe na mtihani wako, yote yaliyozidi yalikuja kwangu na nje pakabaki pametulia. Kwa dakika kama tano nilikuwa nimejisamehe kabisa.

Kisha ukaendelea. Ulisema matone yale yanafanya kazi kwa sababu ni majimaji, vitu vinaingia na kutoka wakati wote. Tone likikaa sana, pengine kwa sababu ya kasoro fulani, linaweza kuanza kuwa zito, halafu likaganda. Likiganda halirudishi kitu tena. Na ukasema kuna magonjwa ya neva, zile neva zinazoamrisha misuli, ambapo wanasayansi wanakuta vitu kama hivyo vimeganda ndani ya seli, na bado wanabishana kama kuganda ndiko kunakoleta ugonjwa au ni alama yake tu.

Nilikuuliza, "Na yakishaganda, yanaweza kuyeyuka tena?"

Ukasema, "Hiyo ndiyo naenda kutafuta, baba."

Nikakuuliza ni watu wa aina gani hupata magonjwa hayo. Ukasema mtu yeyote, mara nyingi mkono unaanza kuwa mlegevu, mtu anadhani ni uchovu. Kisha ukaniangalia. "Mbona waulizia?" Nikasema ni kutaka kujua tu, nikaamka kuosha vyombo, nikaangusha kikombe. Ukacheka, ukasema nimezeeka.

Unajua sasa nitaandika nini. Nimebadilisha mkono kutoka hapa, ule wa kulia umechoka.

Ilianza na koki ya ghorofa ya tano. Mwanzoni mwa mwaka ilinishinda kufungua, nikadhani imeshika kutu. Nikatafuta kipande cha bomba, nikakivisha kwenye mpini wa koki ili nipate nguvu. Uliniona, ukanisifu, ukaniita injinia. Koki haikuwa na kutu. Baadaye nyama ya bega ikaanza kurukaruka yenyewe chini ya ngozi, hata nikiwa nimetulia. Mama Njeri aliniona nikishindwa kufungua lango, hakuuliza mara mbili, alinishika kama mtoto akanipeleka hospitali. Walinirudisha mara kadhaa, wakanidunga sindano zenye nyaya kwenye misuli, na miezi miwili iliyopita daktari alinikalisha, akaniambia ni ule ugonjwa. Ule ambao baadaye ulinieleza na glasi mkononi. Hakuna dawa ya kuuondoa. Kuna za kuuchelewesha kidogo. Nilimuuliza nina muda gani, akasema watu hutofautiana, hakutaka kunidanganya. Nilimheshimu kwa hilo kuliko nilivyojiheshimu mimi.

Tangu hapo umeniona navaa fulana siku zote, hata kanisani, ukanitania kwamba natafuta mke mdogo. Ni vifungo, Mwende. Vidole havifungi vifungo.

Mpango wangu ulikuwa rahisi na nilishautekeleza mara moja. Uende. Nikupigie kila Jumamosi. Ukiuliza niko wapi, Mama Njeri aseme niko juu kwenye tangi. Umalize masomo, urudi, ukute hema. Nilimweleza Mama Njeri mpango huo hapa mlangoni Alhamisi. Aliweka chini mzigo wake wa nguo.

"Baba Mwende, unataka nidanganye huyo mtoto tena?"

"Ni kwa faida yake."

"Faida gani? Nilikaa kwa matope siku ile, unakumbuka? Alikuwa ananiangalia hivi. Sirudi huko. Usipomwambia, mimi nitamwambia hapo hapo airport, mbele ya watu, na utajua hujui."

Nilimwambia hajui kulea mtoto wa shule. Akasema yeye amelea watano na hakuna hata mmoja aliyeambiwa mama yake yuko Gikomba akiwa mochari. Akabeba mzigo wake akapanda. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Hasira yangu kwake ilikuwa kubwa, na ilikuwa kubwa kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nimenaswa, mwanangu. Nikikwambia leo, huenda usipande ndege kesho, na nafasi uliyoitafuta miaka miwili iende, na ubaki kwenye chumba hiki kisicho na dirisha ukinilisha kwa kijiko, ukinichukia kidogo kila mwaka bila kutaka. Nisipokwambia, nakufanyia lile lile nililokufanyia, na safari hii aliyeitwa na asiyejua anaitwa ni wewe tena. Nimezunguka hapo katikati wiki tatu. Nikigeukia huku nagonga ukuta, nikigeukia kule nagonga ukuta.

Kitu kilichonitoa, kama nimetoka, ni kidogo sana. Glasi yako sikuiosha. Niliisukuma nyuma ya redio siku ile na leo asubuhi nimeitoa. Maji yamekauka yote. Chumvi imepanda kwenye kuta za glasi na chini imekuwa jiwe. Nilijaribu kuikwangua kwa kijiko, kijiko kikapinda. Nilisimama hapo na kijiko kilichopinda mkononi nikafikiria mama yako akiuliza leo ni siku gani, na jinsi nilivyomjibu kwa sauti tamu. Sauti ile ndiyo iliyonitisha. Haikuwa na mtu ndani yake tena.

Nikamimina maji ya moto juu ya ile chumvi. Sikwambii kilichotokea kama somo, maana najua chumvi si neva, na wewe ungenirekebisha kabla sijamaliza sentensi. Ninasema tu kwamba nilimimina, nikakaa, nikachukua kalamu.

Sikuombi ubaki. Sikuombi uende. Ukitaka kujua moyo wangu, nataka uende, na nataka ubaki, na ya kwanza inaishinda ya pili kwa kidogo tu, na leo mchana kwa saa nzima ilishindwa. Usinifanyie utafiti. Usidhani lazima upate dawa kabla sijafa; huo ni mzigo mwingine nisingependa uubebe. Kama utaenda, nenda kwa sababu mikono yako inapaa ukieleza mambo hayo. Kama utaenda, nitakupigia Jumamosi, nami nitakuambia ilivyo, hata ikiwa mbaya, hata ukiwa na mtihani. Na wewe uniambie yako, hata ya baridi, hata ya kulia. Nataka nikusikie ukilia kuliko nikusikie ukiniambia uko sawa. Mwenye ploti nitamwambia mwenyewe Jumatatu. Chumba kitaenda na funguo, kiende. Nitarudi Makueni kwa mjomba wako, kwenye nyumba yenye madirisha manne, na nitakuwa mtu wa kwanza kufurahi kufukuzwa kazi.

Yule wa sita amegonga tena. "Keateka, maji?" Safari hii nimefungua mlango nikamwambia, "Sijui." Ameshangaa. "Hujui aje na wewe ndiye keateka?" Nimemwambia sijui, maji ya tangi yamepungua, hakuna aliyenipigia, na mimi pia nina wasiwasi. Nilidhani atafoka. Amekaa kwenye ngazi na mtungi wake, akasema hata kwake Embu mvua imekataa. Tumeongea kama dakika kumi. Sijui hata jina lake, na amekaa hapa juu miaka mitatu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi, ndani ya lile sweta la kijani, uikute umeshafika. Nimeitia, nimeitoa, nimeitia tena. Sasa nasikia lango, na nasikia unaongea na Mama Njeri. Anakuuliza kama umeniona, haongezi neno. Amenipa nafasi yangu ya mwisho, yule mama.

Nitakupa mkononi. Nitakaa hapa kitandani wakati ukisoma, sitatoka kwenda kuangalia koki. Ukimaliza, kabla hujasema neno lolote, fungua kabati. Kuna lile shati jeupe alilolinunua mama yako Gikomba, lenye vifungo vidogo. Ukienda kesho au usipoenda, nataka nilivae. Njoo unifungie.

Baba yako.